Pete Isiyokwaruzika

Tulipooana hatukuwa na pesa ya dhahabu. Mume wangu alinunua pete mbili za tungsteni, na muuzaji akatuhakikishia kwamba hazikwaruziki hata kwa msumari. Hakudanganya. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 10, dhahabu safi haifiki 3. Kabidi ya tungsteni, ambayo ndiyo hasa hutengenezewa pete hizo, hukaribia 9. Kwa miaka minne niliosha sufuria, nikabeba ndoo, nikashikilia vyuma vya matatu, na pete ikabaki kama ilivyotoka dukani. Nilijivunia. Nilidhani ndoa nayo iwe hivyo: ipite duniani bila alama.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, kidole kikavimba, kikaanza kubadilika rangi. Sabuni haikusaidia, wala uzi. Tukaenda kwa sonara.

"Mwanangu," akasema, "hii haikatiki kwa msumeno wangu, wala haipanuliwi. Huvunjwa tu."

Akaibana kwa koleo, akaongeza nguvu kidogokidogo. Ikalia kama kikombe kilichodondoka, ikawa vipande vitatu.

Usiku ule nilikitazama kidole cha mama, aliyekuja kunisaidia. Pete yake ni dhahabu ya karati 18; robo yake ni metali nyingine, kwa kawaida shaba na fedha, za kuiongezea ugumu. Hata hivyo imekwaruzika, imepinda, imekatwa mara mbili na kuunganishwa kwa moto. Ukiitazama vizuri unauona mshono. Mwaka niliofukuzwa shule kwa ajili ya karo, ilikaa rehani miezi mitatu, kisha ikarudi kidoleni.

Ipi basi imedumu? Ugumu si udumu. Kisichojua kupinda kikilemewa huvunjika.

Lakini sitaki kuisifu dhahabu kupita kiasi. Kila inaposuguliwa ing'ae, hupungua. Nawajua wanawake waliopindishwa mpaka wakakaribia kwisha, huku wakiambiwa kwamba huko ndiko kudumu.

Mume wangu aliponiuliza tununue nini safari hii, nilichagua fedha ya 925: kati ya sehemu 1,000, hizo ndizo fedha, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Itakwaruzika. Itafifia. Nataka pete inayoonyesha mikwaruzo mapema, tupate kuzungumza kabla ya koleo.