Uhehe Huru, Huru kwa Nani?

Agosti 17, 1891, pale Lugalo katika nchi ya Iringa, wapiganaji wa Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe, walikivizia kikosi cha Wajerumani na kukisambaratisha. Kamanda wake, Emil von Zelewski, aliuawa. Kwa miaka mitatu Uhehe ikaendelea kujitawala, mpaka Oktoba 30, 1894, majeshi ya Gavana von Schele yalipoiteka ngome ya Kalenga.

Je, Kalenga isingeanguka? Wapo wanaolikata swali hilo mapema: Mungu alikwisha kupanga. Hoja hiyo ina kasoro kubwa. Mwaka 1896, Menelik aliwashinda Waitaliano pale Adwa na Ethiopia ikabaki huru. Kama kadari ndiyo sababu ya Adwa na ndiyo sababu ya Kalenga, basi haielezi lolote, tena inawavua lawama waliotoa amri ya kupiga mizinga. Imani haimlazimishi mtu kuliita kosa la binadamu mapenzi ya Mungu.

Wengine huota Uhehe iliyosalimika kama Lesotho, ufalme uliojiweka chini ya Uingereza mwaka 1868 na kupata uhuru mwaka 1966 ukiwa na mfalme wake. Ndoto hiyo ina uzito. Lakini ikisimuliwa Iringa ina sura moja, na ikifika Usangu, upande wa Mbeya, inageuka.

Wasangu walikuwa wamefukuzwa kwao na Wahehe. Mtemi wao, Merere, alijenga ngome ugenini Utengule, Usafwa, kisha akashirikiana na Wajerumani, na kwa njia hiyo watu wake wakarudi Usangu. Kumwita msaliti ni kumdai utii ambao hakuwahi kuwa nao kwa Mkwawa. Uhehe huru ya mwaka 1900 ingemwacha Msangu wapi? Anayeiwaza nchi hiyo bila kumjibu Msangu anawaza ushindi, hajawaza uhuru bado.

Hata hivyo, ugomvi wa majirani haumpi mgeni hati ya shamba. Wajerumani hawakuja kumtetea Merere. Mpangile, nduguye Mkwawa, walimweka kuwa mtawala, wakamnyonga mwaka 1897. Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, nao wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita. Fuvu lilifika mwaka 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Mjukuu huyo alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962. Mwaka uliofuata nchi ikafuta mamlaka ya machifu wote kwa sheria: wa Uhehe, wa Usangu na kwingineko, na yeye mwenyewe akiwamo. Akaendelea kukalia kiti cha Spika.