Mchango au Mkopo?

Mwaka juzi, siku mbili baada ya Krismasi, ukoo wetu ulikutana Kibosho kama ilivyo desturi. Msomaji asiye wa huku huenda hajui jambo hili: Mchaga, awe anaishi Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, mwezi wa Desemba hurudi mlimani, na barabara za kupanda kutoka Moshi mjini hujaa magari kama siku ya soko. Yale yote yaliyosubiri mwaka mzima huletwa siku hizo chache: mpaka wa shamba, posa, kaburi ambalo halijajengewa. Tulikaa chini ya migomba, mbege ikazungushwa, wakubwa wakasema yao. Mwisho akasimama binti wa mdogo wangu.

"Shikamooni wazee," alisema, nasi tukaitikia. Alieleza kwamba amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika elimu ya udongo, kwenye chuo kimoja cha serikali. Mkopo aliosomea shahada ya kwanza bado unakatwa kwenye mshahara wake, asilimia 15 kila mwezi. Chuo kinataka nusu ya ada ya mwaka ilipwe kabla ya kusajiliwa, na asiyesajiliwa haingii darasani wala maktaba. Alitaja kiasi. Mtu mmoja akapiga mluzi mdogo.

Kijana aliyekuwa katibu wa kikao alikuwa na daftari la shule magotini. Akaandika jina la binti, akapiga mstari chini yake kwa rula, kisha akauliza kwa adabu kabisa: "Wazee wangu, niandike mchango au mkopo?"

Hakuna aliyejibu. Shangazi yetu, ambaye ana umri unaokaribia miaka tisini na hakusoma zaidi ya darasa la pili, alimgeukia yule binti. "Ukimaliza hiyo, kuna nyingine juu yake?"

"Ipo, shangazi. Inaitwa uzamivu."

"Na hiyo nayo nani atalipa?"

Watu walicheka, na kikao kikaahirishwa hadi kesho yake. Lakini mimi swali la kijana yule sijaliacha tangu siku hiyo, wala lenyewe halijaniacha.

Nianze na jambo linalotuaibisha. Mwezi Agosti mwaka uleule tulimwoza kaka yake binti huyo. Kadi za mchango zilichapishwa, kamati ikaundwa, mweka hazina akatupigia simu asubuhi na jioni, na fedha zikapatikana zaidi ya mara tatu ya zile alizoziomba dada mtu kwa ajili ya mwaka mzima wa masomo. Hakuna aliyeuliza kama ule ni mchango au mkopo. Zamani nilidhani tunapenda sherehe kuliko elimu, na niliwahi kusema hivyo hadharani kwa ukali. Sasa sidhani hivyo. Harusi ina hesabu yake ambayo haihitaji daftari: leo ni zamu ya mwanao, kesho ni ya wangu, na siku yenyewe sote tunakula. Ada huliwa na mdomo mmoja. Anayeichangia haalikwi darasani.

Tena alikuwa binti. Wasomaji wa Kichaga wananielewa. Kihamba hurithiwa na watoto wa kiume, na nyumba ya wazazi huwa ya kitinda mimba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa, lakini migomba yetu bado haijasoma sheria hizo. Yule binti alichuma kahawa katika shamba lile tangu akiwa na miaka sita, na hakuna mche hata mmoja ambao ni wake. Baba yake alipopendekeza tuuze kona ya chini ili kulipa ada, ndugu wawili walisimama mara moja wakasema kihamba hakiuzwi. Walisema kweli, kwa mila. Ila niliona kwamba wote wawili wana nyumba zao ndani ya kihamba hichohicho.

Sasa nije kwangu, maana si haki kumhoji mtoto wa watu deni lake kabla sijatazama langu.

Niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1979, baada ya jeshi la kujenga taifa na miaka kadhaa kazini, kama Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilivyotaka. Sikulipa hata senti. Nilipewa kitanda, chakula, vitabu, posho, na waranti ya kusafiria kurudi Moshi wakati wa likizo. Hakuna aliyeniandika kwenye daftari. Waliolipa walikuwa wakulima: wa pamba kule Usukuma, wa korosho kusini, na wa kahawa hapa kwetu. Baba yangu alikuwa mmojawapo, lakini kilo zake chache hazingetosha hata kwa chakula changu cha muhula mmoja. Nilisomeshwa na watu ambao sikupata kuwaona.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake juu ya jambo hili. Kijiji kina njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula kidogo kilichobaki na kumpa mtu mmoja ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula zaidi. Akila akashiba asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo haukubaki maneno. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao mia nne waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda jeshi la kujenga taifa na kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu aliwafukuza, akawarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mishahara mikubwa serikalini, kwanza wake mwenyewe, kwa asilimia 20. Wakati huo nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka wakubwa wakibishana dukani, na wengi wao waliwacheka wale wanafunzi.

Lakini mfano ule una shimo ambalo nililiona nilipokuwa nimezeeka. Hausemi ni chakula kiasi gani kinachomfanya aliyetumwa awe amemaliza. Mimi nilifundisha sekondari miaka thelathini na nne. Je, nimelipa? Mwenzangu mmoja wa chumbani alikwenda Kanada mwaka 1986 hakurudi. Kwa mfano wa Mwalimu yeye ni msaliti. Hata hivyo fedha alizotuma zimeezeka shule ya msingi ya kijijini kwao na kusomesha watoto wa ndugu zake saba. Mimi niliyerudi sijaezeka hata choo cha shule. Nikisema nimelipa zaidi yake, nani atakagua mahesabu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilileta sera ya kuchangia gharama, na baadaye Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Rafiki zangu wengi wa rika langu walilaani. Mimi nakubali zaidi ya nusu ya hoja yake. Kwa nini mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, ambaye mwanawe aliishia darasa la saba, alipie kodi masomo ya mtoto wa mkurugenzi? Anayefaidika alipe. Ni hoja safi. Na deni lililoandikwa lina heshima yake: lina mwanzo, lina kiasi, lina siku ya mwisho. Miaka kadhaa makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara, tangu 2016 yakawa 15, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyofanya watu walipe bila kuona deni likishuka, iliondolewa mwaka 2021. Haya ni mambo ya kurekebishika.

Kinachonisumbua ni jambo jingine. Deni likishapewa tarakimu, aliyelimaliza husema: sidaiwi na mtu. Anasema kweli, na hapo ndipo kitu fulani hukatika. Mimi ambaye sikuandikwa popote sijapata kusema maneno hayo hata siku moja. Sijui kama huo ni wema au ni mzigo tu uliokosa mahali pa kutuliwa.

Kwa shahada za juu hoja ya "anayefaidika alipe" inazidi kupinda. Katika mji wetu huu wa Moshi sasa kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna Mwenge, kuna chuo cha udaktari cha KCMC kilichoanza mwaka 1997. Hakuna hata kimoja kinachoweza kufundisha bila watu wenye shahada ya pili na ya tatu. Daktari bingwa anayemfungua mtu tumbo pale KCMC alikaa miaka ya ziada darasani baada ya kuwa daktari. Hivi aliyefaidika ni yeye au ni mwenye tumbo? Wote wawili, bila shaka, lakini ankara ya ada hupelekwa kwa mmoja. Na kwa kuwa hupelekwa kwa mmoja kabla hajasajiliwa, anayeingia ni yule mwenye fedha leo, si lazima awe yule mwenye kichwa.

Nilijifunza hili kwa ngozi yangu. Mwaka 2009, nikiwa na mvi, nilijiunga na shahada ya uzamili katika chuo kimoja ambacho jina lake naliacha. Nilijilipia kwa awamu, kwa mshahara wa ualimu na ng'ombe mmoja. Masomo ya darasani yalikwisha salama. Ikaja tasnifu. Niliwasilisha sura ya tatu kwa msimamizi wangu, naye akakaa nayo miezi minane. Alikuwa safarini, kisha mgonjwa, kisha na kazi nyingine; simlaumu sana, maana naye alikuwa na wanafunzi wengi kupita kiasi. Lakini muda wangu uliisha, na kwa kanuni, muda ukiisha mwanafunzi hulipa ada ya nyongeza. Nilikwenda kwa mhasibu na barua zangu zote za kumkumbusha msimamizi. Alizisoma kwa huruma. "Mzee," akaniambia, "mimi hapa naona tarehe tu. Hizi barua mfumo hauna mahali pa kuziweka."

Nililipa. Ningefanyaje? Asiyemaliza deni hapewi cheti. Miezi ile minane ilikuwa ya mtu mwingine, nami nikainunua.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba nataka tuamini ya kuwa zamani watu walipewa vitu bure. Wazee wetu waliochimba mifongo, ile mifereji inayoshusha maji kutoka msituni hadi vihambani, hawakuwa watu wa mzaha. Siku ya kusafisha mfongo kila nyumba ilitoa mtu. Asiyefika alitozwa faini, na aliyeendelea kukaidi alinyimwa maji. Kwa hiyo kumnyima mtu kitu hadi atimize wajibu si uzushi wa wahasibu. Babu yangu aliwahi kuwa miongoni mwa wasimamizi wa mfongo wetu, naye alikuwa mkali kweli. Lakini nilimsikia akieleza kwamba kabla ya kumfungia mtu maji, mtu hutumwa nyumbani kwake kutazama. Kama kuna mgonjwa, kama kuna msiba, kama ni mjane asiye na mtoto mkubwa, zamu yake hufanywa na jirani na maji huendelea kupita. Faini ilikuwepo, na mtu wa kutumwa alikuwepo. Kwenye ofisi ile niliona faini peke yake.

Tena kuna hili kuhusu mfongo: hakuna aliyemlipa babu aliyeuchimba. Alishakufa. Kila aliyeutumia alilipa kwa kuuzibua ili maji yamfikie aliye chini yake. Kihamba nacho ni hivyohivyo. Huwezi kumrudishia baba yako shamba alilokupa, unalipanda upya kwa ajili ya atakayekuja. Basi kuna madeni yanayolipwa kwa kupanda juu, kwa aliyekukopesha, na kuna yanayolipwa kwa kushuka chini. Benki inajua la kwanza. Elimu, kwa jinsi nionavyo, ni la pili zaidi, ingawa nakiri kwamba deni la kushuka ni rahisi mno kulikwepa. Hata hapa kwetu, siku hizi baadhi ya mifongo imekauka, na si mvua peke yake iliyosababisha.

Zamani tusingekaa kikao. Tangu miche ya kahawa ilipoletwa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na hasa baada ya chama cha ushirika cha KNCU kuundwa mwaka 1933, kahawa ndiyo iliyokuwa mlipa ada wa mlima huu. Shule nyingi zilijengwa kwa fedha yake. Lakini Julai 1989 mgawo wa mauzo katika soko la dunia ulivunjika, bei ikaanguka, na watu wengi hapa waking'oa mibuni wakapanda nyanya. Mlipaji huyo hayupo tena kama zamani. Tumebaki sisi wenyewe, na daftari la shule.

Kesho yake tulikutana tena. Kona ya kihamba haikuuzwa. Ndugu zangu wawili walitoa kila mmoja kiasi chake bila kutazamana. Shangazi alitoa shilingi elfu ishirini zilizokunjwa ndani ya khanga, akamwambia binti kwamba udongo wa nyuma ya nyumba yake umechoka, kwa hiyo akishasoma aanzie hapo. Ilipofika zamu yangu nilitaja kiasi changu, na kijana akaandika tarakimu, kisha akainua kalamu akinitazama, akisubiri lile neno.

Nilimwambia aache wazi kwanza. Mwezi Oktoba binti alinitumia namba ya malipo ya chuo kwa simu, nikashuka Moshi mjini, nikapanga foleni benki. Kwenye karatasi ya kuweka fedha palikuwa na mstari wa kujaza sababu ya malipo. Niliandika "ada," na mhudumu akagonga muhuri bila kuniuliza zaidi.