Samaki wa Kutangulia

Anayeanza kufuga samaki kwenye tangi la kioo hukutana na swali moja mapema: nani aingie kwanza? Maji mapya yanang'aa, lakini bado hayajawa makazi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachobaki huoza na kuiongeza. Ziwani na mtoni wapo bakteria wanaoishughulikia. Kwenye tangi jipya inabidi kwanza wazaliane: kundi moja ligeuze amonia kuwa nitriti, jingine ligeuze nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi na mimea huitumia. Mara nyingi kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Kwenye baridi ya nyanda za Mbulu huweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Shida ni kwamba bakteria hao hawastawi bila amonia, na amonia ndiyo inayounguza matamvua. Nitriti nayo huzuia damu kubeba oksijeni, samaki akabaki akihema juu ya maji ilhali hewa ipo. Tena kadiri maji yanavyokuwa na magadi, ndivyo amonia ileile inavyozidi kuwa sumu. Kwetu hilo si jambo dogo. Hanang iko kwenye Bonde la Ufa, na Ziwa Balangida, chini ya mlima wetu, ni la maji ya chumvi.

Muuzaji wa Arusha niliyenunua kwake tangi la lita 60 alikuwa na jibu tayari. "Anza na hawa wa bei ndogo, mwalimu. Wakimaliza mwezi, maji yameiva. Ndipo uje uchukue wazuri." Hakuwa mkatili. Ni desturi ya zamani ya wafugaji wa samaki sehemu nyingi duniani: wale wagumu na wa bei nafuu, kama danio, hutangulizwa. Wakiishi, vizuri. Wakifa, hasara ni ndogo.

Ndogo kwa nani? Bei inapima mfuko wa mnunuzi. Haipimi kinachotokea kwenye matamvua. Danio wa shilingi elfu mbili haungui kidogo kuliko samaki wa elfu thelathini.

Na njia nyingine ipo. Nilijaza maji, nikawasha chujio, nikatumbukiza dagaa wachache wakavu, nikawaacha waoze. Amonia ikapatikana bila kumuunguza yeyote. Kwa wiki saba nyumba yangu ya Katesh ilikuwa na tangi lisilo na samaki na lenye harufu, na wageni wakinicheka. Nilipima kwa matone yanayobadili rangi: amonia ikapanda, ikashuka; nitriti ikapanda, ikashuka. Zote zilipofika sifuri, nikaleta samaki sita, baadaye wengine sita. Gharama nzima ilikuwa kungoja. Kwa hiyo palipo na nafasi ya kungoja, kumtanguliza kiumbe ili aumie kwa niaba ya wengine ni kumlipisha kwa haraka zetu.

Nisingelitafakari sana jambo hili kama mimi mwenyewe nisingekuwa samaki wa awamu ya pili.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na katika miaka iliyofuata shule za kata ziliota nchi nzima. Ya kwetu, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 2009. Dada yangu alikuwa kwenye kundi la kwanza. Walisomba mawe ya msingi wakiwa wamevaa sare. Hawakuwa na maabara, na somo la hisabati lilipita muhula hata muhula bila mwalimu. Mwaka 2012 walifanya mtihani wa kidato cha nne, ule ambao zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri hadi serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya mwaka 2013. Alama za dada zilipanda kidogo, zisimfikishe popote. Mimi niliingia shule hiyohiyo mwaka 2015. Nilikuta maabara, nikakuta walimu wa sayansi wawili. Maji yalikuwa yameiva. Leo mimi ni mwalimu, yeye anauza mitumba Dongobesh.

Je, shule nayo ingengoja? Hapa mfano wa tangi unafika mwisho wake. Danio hakuhitaji tangi langu, nilimhitaji mimi. Watoto wa kijijini walihitaji shule, na kila mwaka wa kungoja ungewaacha wengine nje kabisa. Nilimuuliza dada kama ingekuwa heri isifunguliwe mpaka ikamilike. "Tungengoja hadi tuolewe," alisema. "Wewe usizungumze kama tulisukumwa. Tuliitaka."

Nakubali. Lakini ulazima wa kuanza haufuti deni. Hata mfugaji anayelazimika kuanza na samaki ndani ya maji mabichi ana wajibu: apime kila siku, abadilishe sehemu ya maji, apunguze chakula, akeshe nao. Asiyefanya hivyo hawezi kusingizia kwamba mwanzo ni mgumu. Na wanaoingia baadaye wasiyaone maji yaliyoiva kuwa sifa yao. Nimewasikia wenzangu wakisema kundi la kwanza "hawakuwa na vichwa". Walikaa kwenye madarasa yaleyale tuliyokaa sisi, kabla hayajaezekwa.

Nilitaka kulipa deni langu kwa namna niliyoiona nzuri: nimlipie dada ada arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilishachukua hata fomu. Aliitazama akanirudishia. Alichotaka ni mtaji wa marobota mawili ya nguo za watoto kabla baridi ya Juni haijaanza, na nisiuite mkopo. Nilitamani achague shule. Lakini anayedaiwa hachagui sarafu ya kulipia. Fedha nilimpelekea mwezi Mei.