Alama na Sauti

Mpigaji fidla wa Chake Chake aliyedhoofika macho, akiweka mbele yake tableti badala ya karatasi, aweza leo kuikuza mistari mitano ya nota mpaka ikamkaa sawa, akaufifiza mwangaza usimchome, na akageuza ukurasa kwa kukanyaga kitufe, mikono yake isiiache fidla. Je, wepesi huu wamzidishia ilimu, au wamwondolea taabu ambayo ndiyo iliyokuwa ikimfunza?

Waislamu walikwisha kulikabili swali hili zamani. Misahafu ya zama za Sayyidna Uthman haikuwa na irabu, na aliyeisoma aghalabu alikuwa amekwisha kuipokea kwa kinywa cha mwalimu. Hata walipoingia dinini watu wa lugha nyingine, na makosa yakakithiri, Abul-Aswad Ad-Du'ali akatia nukta za rangi, na katika karne ya 8 Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, ambaye nasaba yake ni ya Azdi wa Oman, akabuni irabu tuzitumiazo hadi leo. Wapo wanavyuoni waliochukia nyongeza hiyo. Lakini manufaa yake yalidhihiri, na sasa mtoto wa chuo huko Wete aweza kusoma katika simu msahafu uliotiwa rangi za tajwidi.

Hata hivyo, alama ina mpaka wake. Katika neno la mwisho la Suratul-Fatiha, alama ya madda humwamrisha msomaji avute kwa kadiri ya harakati sita. Ama haraka moja ina urefu gani, hilo hulijua kwa kumtazama maalimu akikunja vidole. Na katika muziki, bila ya kuilinganisha hadhi ya Kitabu na ya nyimbo, sauti ya tatu ya maqamu Rast huandikwa kwa alama ya nusu bemoli, ilhali Mmisri huishusha zaidi kidogo kuliko Mturuki, na wino hautoi hukumu baina yao.

Basi taabu ni mbili: ya jicho, ambayo haina thawabu yoyote kwa ilimu, na kuiondoa ni rehema, na ya sikio, ambayo hakuna kioo kiwezacho kuibeba. Mwenye kukuza nota hakuikosea fani adabu. Ataikosea pale atakapodhani kuwa kwa kuona vyema amekwisha kusikia, akaacha kwenda kukaa na wakubwa wake wangali hai.