Mtani wa Uso Wake Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba uso umeumbwa na haya. Wengi katika kazi ya ualimu waliutafsiri usemi huo kwa ukali: uso wa mkubwa sharti ukazwe, na meno yakionekana heshima imeondoka. Tazama picha za zamani zilizotundikwa sebuleni katika nyumba zetu za Usambara. Aliyeketi mbele ya mpiga picha amenyoosha shingo na kufumba kinywa kana kwamba anasomewa hukumu. Hata leo picha ya pasipoti yataka mdomo ufungwe. Nauliza basi: je, mwenye madaraka hupungukiwa na heshima anapojicheka mbele ya watu?

Si sisi tu tuliosumbuliwa na swali hili. Mwaka 1787, huko Paris, bibi Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha picha aliyojichora akiwa amemkumbatia binti yake. Waungwana walinuna kwa sababu midomo yake ilifunguka kidogo na meno yakaonekana. Kwao, mdomo wazi katika picha ulikuwa wa walevi, wendawazimu na watu wa hali ya chini.

Miaka michache kabla ya hapo, mwenzake Joseph Ducreux alikwisha kwenda mbali zaidi. Huyu hakuwa mtu wa mitaani. Mwaka 1769 alipelekwa Vienna kumchora Marie Antoinette kabla hajaolewa na mrithi wa ufalme wa Ufaransa. Mwaka 1783 alijichora akipiga miayo, kinywa wazi kabisa na mkono mmoja umenyooshwa juu, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Yapata mwaka 1793 alijichora tena, safari hii akitabasamu kwa dhihaka na kumnyooshea kidole anayeitazama picha.

Picha zote mbili huchekesha, lakini kwa maadili haziko sawa. Katika ile ya kwanza, Ducreux amejitoa mwenyewe achekwe. Katika ya pili anatucheka sisi, nasi hatuna njia ya kumjibu.

Jambo hili sisi tunalielewa vizuri, kwa kuwa tuna utani. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata msibani, na mfiwa hakasiriki. Lakini utani una sharti lake: anayetania akubali kutaniwa. Sharti hilo likivunjwa, hapana utani tena, kuna kebehi. Mwalimu anayemcheka mtoto mbele ya darasa hawezi kusema kwamba alikuwa anatania, maana mtoto yule hana ruhusa ya kurudisha. Kwa hiyo mkubwa akitaka kuleta kicheko kwa haki, hana budi kuwa mtani wa nafsi yake kwanza.

Nikikagua mazoezi ya kufundisha, nilimwona mwanachuo mmoja akiandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Mtoto mmoja akaangua kicheko. Mwanachuo akageuka, akautazama ubao, akacheka kuliko mtoto, kisha akampa chaki asahihishe. Tangu hapo mikono ilikuwa juu kipindi kizima. Wiki hiyohiyo mwenzake alichekwa kwa kosa dogo kama hilo, akashika fimbo. Watoto waliacha kucheka. Waliacha na kuuliza.

Yupo atakayesema kwamba kukaza uso ndiyo tabia ya asili ya mtu mzima. Sidhani. Hapa Irente pana shule ya watoto wasioona. Mpita njia akiwasikia wakicheka, agauke awatazame: mashavu yanapanda na macho yanakunjamana kama ya mtoto yeyote. Wataalamu waliochunguza picha za wanamichezo wa judo katika Paralimpiki ya Athens, mwaka 2004, waliona kwamba waliozaliwa bila kuona walionyesha furaha na huzuni usoni kama wanaoona. Kicheko hatukujifunza kwenye kioo. Tulichojifunza ni kukizuia.

Hata hivyo pana mpaka ambao sitaki uvukwe. Wako watoto wenye ulemavu ambao hujicheka wenyewe upesi ili wenzao wasiwahi kuwacheka. Huo si ucheshi, ni kujikinga, na mtu mzima anayeshangilia mchezo huo anashiriki katika kumwumiza mtoto. Hujafa hujaumbika. Kujicheka ni hiari ya mwenye nguvu. Kusigeuzwe kuwa kodi anayotozwa mnyonge ili akubaliwe.

Jibu langu basi ni kwamba mkubwa hapungukiwi. Anayejicheka huwapa walio chini yake ruhusa ya kumwambia ukweli, na mkubwa asiyeambiwa ukweli ni kama yule nyani asiyeona kundule. Heshima inayovunjwa na meno ilikuwa hofu tangu mwanzo, ila tuliipa jina zuri.