Chifu Aliyevuliwa Uchifu



Ifikapo tarehe 21 Julai yafaa jamaa za Kikristo zimkumbuke katika sala Chifu Albert Luthuli wa Afrika ya Kusini, aliyefariki siku hiyo mwaka 1967. Hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Kongregasheni, mwalimu na mhubiri mlei. Walakini maisha yake ni hotuba ambayo hata sisi mapadre twaweza kuisikiliza kwa faida.

Alikuwa akifundisha katika chuo cha Adams watu wa Groutville, huko Natal, walipomchagua awe chifu wao. Mshahara wa chifu ulikuwa mdogo kuliko ule wa mwalimu; akaupokea, akaanza kazi mwaka 1936. Mwaka 1952 chama chake, African National Congress, kiliwaita watu wazikaidi sheria za ubaguzi pasipo kumpiga mtu. Serikali ikamwambia achague moja: ama uchifu, ama chama. Hakukiacha chama. Mwezi wa Novemba akavuliwa uchifu, naye akatoa tamko kwamba njia ya kuuendea uhuru hupitia Msalabani.

Wako wanaosifu amani, na maana yao ni kwamba anayeonewa anyamaze. Luthuli hakuitaka amani hiyo. Alitaka Mwafrika, Mzungu na Mhindi wakae katika nchi moja chini ya sheria moja. Alishtakiwa kwa uhaini, akazuiwa kutoka wilayani kwake. Na polisi walipowaua watu 69 kwa risasi huko Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, aliichoma moto pasi yake hadharani. Hata hivyo hakuwafundisha watu wake kumchukia Mzungu. Je, sisi? Mtoto wetu aletapo nyumbani mchumba wa rangi nyingine, au wa kabila tusilolipenda, twanena nini mezani baada ya mgeni kwenda zake?

Mwezi wa Desemba 1961 alipokea huko Oslo Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, wa kwanza miongoni mwa wazaliwa wa Afrika. Kisha akarudi kwenye marufuku yake.

Mkewe, Nokukhanya, naye alikuwa mwalimu. Mume alipokuwa mikutanoni au amezuiliwa, mama huyu ndiye aliyelima shamba na kuwalea watoto saba. Sisi waandishi twapenda mno kuwataja wanaume wa majukwaani. Jembe la mama huyu twaliandika kwa nadra.

Uchunguzi wa mwaka 1967 ulisema kwamba Chifu aligongwa na garimoshi karibu na nyumbani kwake. Jamaa yake hawakusadiki, wakangoja. Mwezi wa Oktoba 2025, baada ya shauri kufunguliwa upya, mahakama ya Pietermaritzburg ilitamka kwamba alipigwa hata kuvunjwa fuvu la kichwa, na kwamba polisi walihusika na kifo chake. Miaka 58 ilikuwa imepita! Nokukhanya alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 1996, bila kuisikia hukumu hiyo. Basi jioni tutakapomwombea mumewe, tumtaje na yeye kwa jina.