Deni la Mwenye Kujua

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Zamani kila mtu aliyatazama mawingu hayo kwa macho yake mwenyewe, na aliyelowa hakuwa na wa kumlaumu. Siku hizi viko vyombo vizungukavyo angani vionavyo tufani kabla haijafika pwani, na kompyuta zikadiriazo njia yake. Basi yafaa tuulize: mtu aijuaye hatari inayomkabili mwenzake ana deni gani kwake?

Habari ya Bangladesh yatupa funzo. Mwezi wa Novemba mwaka 1970, nchi hiyo ilipokuwa bado sehemu ya Pakistani, tufani kali iliisukuma bahari usiku juu ya visiwa na mwambao. Yakadiriwa kwamba watu wasiopungua 300,000 walikufa. Chombo cha angani kilikuwa kimekwisha kuiona tufani hiyo, lakini wakazi wengi hawakufahamishwa ukubwa wa hatari, wala hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Ujuzi ulikuwapo; haukuwafikia waliouhitaji.

Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa watu wa kujitolea vijijini, na leo wamezidi 70,000, wanaume kwa wanawake. Tahadhari ifikapo kwa simu na redio, wao hupandisha bendera, hupiga ving'ora, hubisha hodi nyumba kwa nyumba, na kuwasaidia wazee na wagonjwa kufika katika majengo imara. Tufani Amphan ilipokuja Mei 2020, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo hawakufika 100.

Huenda mtu akasema, "Mimi nimekwisha tangaza, asiyesikia na ajilaumu." Neno hili lina sura ya haki, lakini ni haki pungufu. Mzee asiyejua kusoma, au ambaye simu yake imezimika, hakupuuza lolote, hakuambiwa. Deni halilipwi kwa kuitupa fedha njiani. Walakini, aliyeambiwa akaelewa naye ana deni lake, kwani akikaidi, wengine watahatarisha maisha yao ili kumwokoa.

Ewe kijana usomaye, siku simu itakapokuletea habari ya mafuriko, usiridhike kwamba wewe umejua. Jiulize kama bibi wa nyumba ya pili amejua. Chombo huona kutoka mbali, lakini hodi hubishwa na mtu.